Shibiri Moja na Vidole Vinne

Wiki iliyopita mlinitukana. Mhariri alinisomea barua zenu, na mama mmoja wa Likoni, mtaa wangu mwenyewe, ameandika kwamba lau angeijua sura yangu angenimwagia maji ya kuoshea samaki. Sina la kujitetea. Mwanamke aliyeolewa kwa siri na mume wa bibi anayemlisha hana haki ya kudai apendwe.

Kwa mliochelewa kununua gazeti: mimi ni Nyamvula. Kwa miaka minne nilimshikia Bi Sheikha duka lake la vyombo vilivyotumika kutoka Japani, pale Changamwe. Miezi minane kabla ya haya ninayowasimulia, mumewe Barakat, muuza magari, alinioa Kisauni mbele ya mashahidi wawili, akanipangia vyumba viwili Frere Town. Bi Sheikha hakuambiwa.

Kisha ikaja safari. Bi Sheikha alitaka kwenda Osaka kujichagulia vyombo mwenyewe na kutembea kidogo. Barakat ndiye aliyekuwa afuatane naye. Siku za mwisho akajitoa, nafasi yake akanipa mimi.

"Nawatia pamoja siku kumi mzoeane," aliniambia. "Mkirudi tu nitamwambia, inshallah. Nimechoka kukuficha."

Hayo ndiyo yaliyonipandisha ndege. Nilikuwa nangoja mtu mmoja aseme neno moja, nami niitwe mke mchana kweupe.

Sasa nisikilizeni, maana ya leo ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Ilikuwa Jumanne, siku ya sita. Kazi ya vyombo ilikuwa imekwisha, zimebaki siku za starehe. Tulikuwa sokoni Osaka, na Bi Sheikha alikuwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Kibanda gani hakusimama? Aliuliza bei ya samaki ambao hakuwa na nia ya kuwanunua. Aligusa vikombe, akavigonga kwa ukucha kusikiliza mlio wake, kama afanyavyo dukani.

Tukafika kwa mzee mmoja aliyekuwa akigeuza vibonge vya unga kwa kijiti, ndani ya kila kibonge kipande cha pweza.

"Muonyeshe karatasi," Bi Sheikha akaniambia.

Karatasi hiyo tuliandikiwa na mwenyeji wetu wa Osaka kwa Kijapani: hatuli nguruwe, hatunywi pombe. Mzee akaisoma, akatikisa kichwa kwamba hamna, akatuinamia.

"Bismillahi! Pweza tumemla tangu utotoni, lakini huyu wamemvika kanzu!" Bi Sheikha akacheka mwenyewe. Akatoa mkobani kichupa chake cha achari ya maembe aliyotoka nayo nyumbani kwake Jomvu Kuu, akakipaka kibonge. Yule mzee akabaki kamtolea macho.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Hussam, ndugu yake Barakat. Hussam hakuwa na kawaida ya kunipigia mimi.

"Nyamvula, shemeji yangu yuko karibu?"

"Yuko hapa, anakula."

"Sogea pembeni."

Nikasogea mpaka penye meza ya muuza visu. Kule Osaka ilikuwa saa sita mchana. Nyumbani ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi.

"Kaka ametutoka," Hussam akasema. "Alfajiri hii, akitia udhu. Moyo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tunamzika baada ya adhuhuri."

Nikaishika ile meza. Mwenye visu akaviondoa vyake haraka, akavisogeza upande wa pili.

Sikulia. Hussam alikuwa akizungumza na msichana wa dukani kwa shemeji yake, na msichana wa dukani hutoa pole. Nikatoa pole.

"Sasa nisikize vyema. Usimwambie. Yuko ugenini, ana presha, ndege yenu ni Ijumaa, na hata akijua maziko hayawahi. Sisi mtu hatumpi habari ya msiba akiwa safarini. Akifika watakaa naye watu wazima, wamwambie taratibu."

"Na akitaka kuzungumza na mumewe?"

"Mwambie amekwenda Malaba, mpakani, na magari. Watoto wao nishawakataza kupiga, na watu wa mtaani pia. Mshughulishe, Nyamvula. Atembee, ale, anunue. Wallahi, amana hii naiweka mikononi mwako."

Nikarudi kwa pweza.

"Nani huyo?"

"Hussam. Asema Mzee amekwenda Malaba na magari. Huko mtandao ni shida."

"Malaba! Na mgongo ule!" Bi Sheikha akachukua kibonge, akakipuliza, akanitia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu. Mbona mato yamekuwa mekundu?"

"Kimeniunguza, Bi Sheikha."

"Ndiyo ya ulafi hayo!"

Nikameza. Mume wangu alikuwa akioshwa Jomvu Kuu, nami nikatafuna pweza nikachekea utani wa mkewe.

Intaneti yetu ilitoka kwenye kijisanduku tulichokodi uwanja wa ndege, na mbebaji nilikuwa mimi. Nikamwambia kimeharibika. Simu yake nikaichukua eti nimchajie, nikaitoa kwenye intaneti ya kijisanduku na ya hoteli. Bi Sheikha vyombo avijua, simu hazijui. Akanishukuru.

Wenye elimu mnajua ninachotaka kusema. Mwanamke akifiwa na mume, eda yake yaanza siku mume alipokufa, si siku habari ilipomfika. Miezi minne na siku kumi: hakuna dhahabu, hakuna manukato, hakuna nguo ya kung'ara, hakuna kutembea mijini. Bi Sheikha hakujua, basi hana dhambi. Mimi nilijua, tena nilijua kwa wawili.

Mkononi nilikuwa na bangili mbili nyembamba za dhahabu. Barakat alinivalisha siku ya nikaha. Bi Sheikha nilimwambia ni za marehemu mamangu. Usiku ule nilitaka kuzivua, nikaogopa asubuhi ataniuliza kwa nini.

Jumatano alitaka Kobe.

"Nataka kumnunulia viatu," akasema. "Vya ngozi, vya kuendea Idi. Vile vyake vimekuwa aibu."

Nikasema mguu waniuma. Nikasema huenda mvua ikanyesha. Akaufungua mwavuli wake mlemle chumbani kunionyesha kwamba anao.

Duka lilikuwa la ghorofa tatu. Bi Sheikha akapita safu nzima akivinusa viatu kimoja kimoja, maana ngozi ya kweli, asema, huijui kwa macho. Mwisho akakishika kimoja cheusi kisicho na kamba.

"Hiki. Avua na kuvaa mara tano kwa siku, kamba za nini?"

Msichana wa duka akaandika kwenye kikokotoo: 26? 27? Wajapani hupima viatu kwa sentimita. Bi Sheikha akautazama ule mtambo, akautupilia mbali kwa macho. Akaweka kiganja juu ya meza, akakinyoosha.

"Mume wangu ni shibiri moja," akasema, kisha akaongeza vidole vya mkono wa pili, "na vidole vitatu."

Wallahi sikufikiri. Ningefikiri, leo nisingekuwa na hadithi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikaongeza kidole changu kimoja pembeni ya vyake.

"Vinne," nikasema.

Tukaitazama ile mikono juu ya meza: wake wenye bangili sita, wangu wenye mbili.

"Wamjua mguu wake, weye," akasema.

"Si navipanga viatu vyake pale mlangoni kila akija dukani kuswali, Bi Sheikha."

"Ni kweli," akasema. "Wapanga vizuri."

Akamnyooshea msichana shibiri na vidole vinne. Vikaja vya ishirini na nane. Akaviinua kwenye mwangaza, akaingiza mkono ndani, akapapasa mpaka kwenye ncha.

"Hapa hakuna mshono wa kumkwaruza. Atavaa miaka kumi vitu hivi."

Nikasema, naam, miaka kumi.

Adhuhuri ikatukuta karibu na msikiti wa Kobe, tukaingia. Sehemu ya wanawake tulikuwa wawili tu. Sijawahi kusujudu kwa muda mrefu kama siku ile. Zulia likalowa chini ya uso wangu. Huo ndio ulikuwa msiba wangu wote: zulia la watu wengine, na viatu vipya vya marehemu kwenye mfuko ukutani.

Tulipotoa salamu, Bi Sheikha akainua mikono.

"Mola, mrudishe Barakat kutoka Malaba salama."

"Amin," nikasema.

Nawaulizeni, mlionitukana: mngesema nini?

Usiku nilimwandikia Hussam kwamba siwezi. Akanijibu: "Imebaki kesho tu. Vumilia. Heshima ya nyumba hii iko kwako." Nikacheka peke yangu chooni. Nyumba ile yanikabidhi heshima yake, na yenyewe hainijui. Aliyeweza kunitaja amezikwa na neno lake mdomoni. Nikinyamaza, sitamlilia mume wangu maisha, wala sitakaa eda yake mbele ya watu. Nikisema, nitaitwa mwizi aliyengoja mwenye mali afe ndipo ajitokeze.

Alhamisi tukapanda treni kwenda Kyoto.

Sikutaka. Lakini Bi Sheikha alikuwa ameona wanawake wakitembea na kimono barabarani, akaapa haondoki Japani bila ya kuvaa. Tukaingia duka la kukodisha, watu huvua viatu mlangoni na kukaa kwenye mkeka, naye akafurahi kwamba hawa nao wana adabu.

"Hino!" akasema. Nyekundu, yenye ndege wa rangi ya dhahabu kuanzia begani hadi miguuni.

"Bi Sheikha, si kali mno? Ile ya buluu je?"

"Buluu nitavaa nikizeeka. Miaka ishirini na saba Barakat hajaniona na nyekundu. Nataka ashtuke."

Mimi nikachagua ya kijivu isiyo na hata ua moja.

"Astaghfirullah, rangi ya msiba hiyo! Ndoo hapa, chagua nyengine."

"Yanitosha hii, Bi Sheikha."

Wasichana wawili wakamfunga juu ya dira lake la mikono mirefu, wakamzungushia ule mkanda mpana, wakauvuta mpaka akasema atapasuka. Mtandio wake akaufunga upya. Akajitia wanja. Akatoa kichupa cha mafuta ya udi, akajipaka shingoni, akanishika na mimi anipake.

"Hapana!" nikasema. Sauti ilinitoka kubwa, wale wasichana wakageuka.

"Una nini, Nyamvula?"

"Kichwa. Harufu yanipandisha kichwa."

Akanitazama. Akakifunga kichupa taratibu, akakirudisha mkobani.

Tukatoka. Tukapita chini ya malango mekundu yaliyopangwa mlima mzima, wageni wanampiga picha bila ya kuomba, naye anawainamia kwa madaha. Alikuwa mzuri. Nalisema hili mimi mke mwenziwe: mwanamke yule alikuwa mzuri, na kila picha niliyompiga niliona nazidi kumzika.

"Mpige na huyu ndege wa begani," aliniambia. "Barakat apenda ndege."

Barakat alikuwa na njiwa Jomvu Kuu. Nani anawapa chakula sasa?

Saa tisa tukarudi dukani kuvua. Nikaingia mimi kwanza nyuma ya pazia. Nikavua, nikakaa kwenye kigoda, nikautia mtandio mdomoni, nikalia kidogo kwa haraka, kama nilivyojifunza siku zile tatu.

Nje nilimsikia Bi Sheikha akicheka na wasichana. Sikujali. Sikujua kwamba wasichana wa duka lile humpiga kila mgeni picha kwa kamera yao, kisha humtia kwenye intaneti ya duka apate kupokea picha zake. Huo ndio ukarimu wao. Mmoja alimwomba Bi Sheikha simu, akamuingizia neno la siri, akamrudishia kwa mikono miwili.

Simu yangu ikatetema. Hussam.

Alikuwa amenitumia picha. Bi Sheikha na nyekundu yake, na ndege, na wanja, anacheka meno yote. Ilikuwa stetasi yake ya WhatsApp. Chini ameandika: "Barakat, ukipata mtandao huko Malaba, mtazame mke wako."

Kisha maneno yakafuata moja juu ya jengine.

"Nini hiki Nyamvula?"

"Khitma ya siku ya tatu yasomwa hapa, uwanja umejaa, na watu wapitishiana simu!"

"Mjane avaa nyekundu na kucheka! Umetuvua nguo!"

"Mwambie aiondoe. Usimwambie kwa nini."

Nikalisukuma pazia, nikatoka mbio.

Bi Sheikha alikuwa amekaa kwenye mkeka, kimono imemzunguka, simu iko mapajani. Wasichana walikuwa wamesimama ukutani, wamefunga mikono mbele. Hawakujua Kiswahili, lakini sauti ile hata wao waliielewa. Alikuwa ni Dhahabu, jirani yake wa Jomvu Kuu, katika ujumbe wa sauti, analia.

"…Bi Sheikha, mimi nasema hujaambiwa, wewe si mtu wa kufanya hivi. Iondoe hiyo picha, dadangu. Barakat tumemzika tangu juzi. Mola akupe subira…"

Ulipokwisha, Bi Sheikha akaubonyeza tena, akausikiliza wote mara ya pili. Kisha akaigeuza simu kifudifudi.

"Tangu lini wajua?"

"Jumanne, Bi Sheikha."

"Pale kwa pweza."

"Pale kwa pweza."

"Na viatu ukanitazama nikimchagulia."

"Hussam alisema, kwa sababu ya presha yako…"

"Hussam hakuwa nami Kobe. Weye ulikuwa nami."

Nikapiga magoti. Nilidhani atapiga kelele, nikatazama huku na huku kutafuta maji. Hakupiga. Machozi yalimtoka bila ya sauti, yakamshusha wanja mpaka mashavuni, na wala hakuyafuta.

"Ndoo unifungue lidude hili," akasema. "Lanikaza pumzi."

Nikauzunguka mgongo wake, nikaufungua ule mkanda, fundo baada ya fundo. Kimono ikamwanguka mabegani. Akabaki na dira lake. Akachukua pembe ya mtandio, akajisugua udi shingoni mpaka pakawa pekundu. Akatoa vipuli. Akatoa pete. Akazivua bangili zote sita, moja moja, akazipanga juu ya mkeka mbele yake.

Kisha akanitazama mkono.

"Na zako."

"Abee?"

"Bangili. Zivue, uziweke hapa na zangu."

Nikajilazimisha kucheka.

"Hizi, Bi Sheikha? Hizi ni za marehemu mamangu, nilikwambia."

"Miaka ishirini na saba nimempakulia mtu chakula na kumuwekea maji ya kuoga. Mguu wake mimi siujui?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Ni shibiri moja na vidole vinne. Jana nalipunguza kimoja makusudi nikutazame."

Wasichana wa duka wakainama, wakatoka kimyakimya, wakatufungia mlango.

"Bi Sheikha, wallahi mimi…"

"Usiape. Mume wetu amekufa, Nyamvula. Hata yeo wataka kunidanganya?"

Nilizishika zile bangili nikazivuta. Ya kwanza ikafika kwenye kifundo cha dole gumba, ikakwama. Tangu siku ya nikaha sikuwahi kuzivua hata mara moja. Nikavuta mpaka ngozi ikachubuka.

Bi Sheikha akanitazama nikihangaika. Kisha akaunyoosha mkono wake mtupu kuja kwangu, nami sikujua kama anakuja kunisaidia au kunipiga.